Kirumba Haimo Kwenye Ramani ya Uoto

Kila aliyepita sekondari anaikumbuka ramani ya uoto wa asili wa dunia. Kijani kilichokolea kimepakwa kwenye bonde la Kongo na Amazon, manjano kwenye Sahara na Kalahari, kijani cha namna nyingine kwenye taiga inayoanzia Norwe, ikapita Siberia yote na kuibukia Kanada. Juu kabisa kuna tundra, nchi ya kuvumwani na nyasi fupi, imepewa kijivu. Tanzania, ukiondoa mabaka machache ya milimani na mstari mwembamba wa mikoko pwani, hupakwa rangi ya savana. Ziwa Victoria hupakwa buluu. Ukiitafuta buluu hiyo kwenye ufunguo wa ramani huioni, maana mchoraji hakuihesabu kuwa uoto wa aina yoyote. Ni nafasi iliyoachwa wazi.

Mwanafunzi wa Kirumba, kando ya ziwa hilo jijini Mwanza, basi, anaweza kukutajia misonobari ya Siberia na asipewe na kitabu neno hata moja juu ya maji yanayomlipia ada. Simlilii, anajua kilichomo majini kuliko mwandishi wa kitabu. Kinachonishughulisha ni kile ambacho ramani ya namna ile haiwezi kukionyesha hata ikichorwa upya na fundi hodari, yaani mambo yanayovuka kutoka rangi moja kwenda nyingine. Ramani huonyesha kilichosimama. Mwalo wa Kirumba ni mahali pa vitu vinavyopita, na kwa kukaa karibu nao nimeanza kuamini kwamba sehemu kubwa ya ikolojia, ukiivua maneno makubwa, ni hesabu ya vitu hivyo: nini kimetoka wapi, kimeingia kwa nani, na njiani kimepotea kiasi gani.

Ramani nayo ina haki yake. Popote duniani ambapo joto fulani hukutana na mvua ya kiasi fulani, mimea hujikuta na umbo linalokaribiana, hata kama mabara yenyewe yaliachana zamani za kale. Dungusi wa Meksiko na mnyaa mkubwa unaoota juu ya miamba ya Mwanza ni mimea ya koo mbalimbali kabisa. Ukame umeipa yote miwili shina nene la kijani la kuwekea maji, miiba, na majani ya kuhesabu. Mtu wa Ilemela akishushwa katikati ya nyika za Brazili atashangaa lugha na chakula, lakini nyasi ndefu zenye miti iliyoachana hatahitaji kuelezwa na mtu.

Na anayetaka kuona mvua ikipanga uoto bila kufika Brazili, apande meli ya usiku kutoka Mwanza kwenda Bukoba. Jioni anaacha nyuma miamba, mihogo, pamba, na nyasi ambazo kufikia mwezi wa saba zimeshageuka manjano. Asubuhi anashuka kwenye migomba na mibuni iliyobanana, na akiendelea kaskazini hadi karibu na mpaka wa Uganda atakuta msitu wa Minziro, wenye miti na ndege wa ukoo wa misitu ya Kongo. Ziwa ni lile lile alilolala juu yake. Kilichobadilisha mambo ni upepo. Upepo mkuu huvuma kutoka mashariki, hukusanya unyevu juu ya maji, kisha huumwaga ng'ambo ya magharibi. Mwanza hupata milimita 1,000 na kitu za mvua kwa mwaka. Bukoba hupata karibu 2,000. Ukivuka matuta kuingia Karagwe, kiwango kinashuka tena. Ile buluu isiyo na maelezo kwenye ufunguo ndiyo inayowagawia majirani zake rangi zao.

Hujinyeshea yenyewe pia. Kama asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria hayaji na mto wowote, huanguka kutoka mawinguni moja kwa moja juu ya ziwa, na karibu kiasi hicho hicho hurudi juu kama mvuke. Kagera, Mara, Simiyu na mito mingine yote inachangia sehemu ndogo iliyobaki. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, pepo hutoka ukingoni pande zote zikakutana katikati, hewa yenye unyevu hupanda, radi huanza. Wavuvi wa dagaa wanaifahamu mvua hiyo ya saa nane usiku, na makaburi kwenye visiwa yanaifahamu vilevile. Kwa kuwa ziwa hili ni sinia, lina eneo la kilomita za mraba 68,800 na kina chake hakizidi sana mita 80, mvua ikizidi au ikipungua kidogo linaonyesha mara moja. Mvua za 1961 hadi 1964 zililiinua kwa zaidi ya mita mbili. Mwaka 2020 lilifikia tena alama ile, na wenye nyumba za ukingoni wakakumbushwa ukingo ulikuwa wapi zamani.

Ukingo wenyewe hauna umri mkubwa. Wanajiolojia walipotoboa tope la chini ya ziwa katika miaka ya 1990, hata pale kwenye kina kirefu, walifika kwenye tabaka la udongo wa nchi kavu lenye dalili za mizizi. Maana yake, miaka kama 17,000 iliyopita, dunia ilipokuwa baridi na kavu kuliko sasa, Ziwa Victoria halikuwepo. Mahali pake palikuwa na mbuga za majani. Maji yalirudi miaka kama 15,000 iliyopita. Mtu aliyesimama juu ya vilima vya Mwanza wakati ule, kama alikuwepo, aliona savana ikienda hadi upeo wa macho upande ambao leo tunaona mitumbwi. Mimi nikifikiria ramani ile ya ukutani, hili ndilo linaloniondolea heshima niliyokuwa nayo kwa mistari yake. Mstari kati ya njano na kijani, au kati ya kijani na buluu, ni tarehe tu. Sahara yenyewe, miaka 8,000 iliyopita, ilikuwa na maziwa na viboko.

Sasa tushuke mwaloni. Soko la Kirumba, ukiliingia upande wa magunia, ni dagaa, dagaa, na dagaa tena. Malori yanapakiwa ya kwenda Dar es Salaam, Arusha, Mbeya, mengine kuelekea Rwanda na Burundi, na Wakongo wanapatana bei kwa Kiswahili chao cha Bukavu na Goma ambacho wachuuzi wa hapa wameshakizoea. Pembeni kuna kayabo, yaani sangara wa chumvi aliyepasuliwa na kukaushwa, ambaye soko lake hasa ni Kongo. Kuna furu wakavu, wachache, wadogo. Kuna mapanki, vichwa na mifupa ya sangara inayobaki baada ya viwanda kuondoa minofu ya kupeleka Ulaya; neno hilo lilipata umaarufu usiotakiwa baada ya filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 juu ya sangara, hadi Kikwete, rais wa wakati huo, akalisemea. Na kuna mabondo, vibofu vya hewa vya sangara, vitu vyepesi vinavyoshikwa kwa uangalifu kwa sababu Wachina huvinunua kwa bei ambayo mnofu wenyewe hauwezi kuiota.

Mpangilio huo wa soko unaeleweka vizuri zaidi ukimjua kijana mmoja wa Kimarekani aliyeitwa Raymond Lindeman. Lindeman alitumia miaka kadhaa kwenye ziwa dogo la matope huko Minnesota, Cedar Bog, akipima kila kilichoishi humo: vijimea, vidudu, samaki, konokono. Hakuhesabu vichwa tu. Alitaka kujua nguvu ya jua iliyonaswa na mimea inafika wapi. Makala yake ilikataliwa kwanza, kisha ikachapishwa mwaka 1942, miezi michache baada ya yeye kufariki akiwa na umri wa miaka 26. Aliyoyaonyesha yamebaki msingi wa somo hadi leo: kila nguvu inapohama kutoka anayeliwa kwenda kwa mlaji, sehemu kubwa hupotea kwa joto, kwa kuhema, kwa kukimbia, kwa kinyesi. Walimu hutumia kadirio la moja ya kumi, na ingawa ziwa halisi huwa halitii kadirio, tulichukue hivyo hivyo.

Vijimea vya majini kilo 1,000 huwalisha vidudu wadogo wanaoelea, wakatoa kilo 100. Hao huwalisha dagaa, kilo 10. Dagaa huwalisha sangara, kilo moja. Basi sangara mmoja wa kilo tano aliyelala kwenye meza ya mwaloni amebeba kilo 50 za dagaa na tani tano za ukijani wa ziwa. Dagaa wanajaza malori kwa sababu wako chini karibu na jua, na kwa sababu wana haraka: dagaa huishi mwaka mmoja hivi, huzaa mapema, hufa mapema. Ndiyo maana uvuvi ambao ungemaliza sangara haujawamaliza dagaa, ambao sasa ndio wanaoongoza kwa uzito katika samaki wanaotolewa ziwani. Bei ya sangara inafuata ngazi hiyo kwa namna fulani. Bei ya mabondo haifuati ngazi yoyote. Imetoka kwenye bakuli la supu la Hong Kong, na hakuna Lindeman wa kuikokotoa.

Ngazi hii, hata hivyo, ni mpya. Mtu aliyevua hapa mwaka 1970 alikuta nyingine. Wakati ule kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa walikuwa furu, na furu hawakuwa samaki mmoja. Walikuwa spishi zaidi ya 500, takriban zote zikiwa zimechipuka katika ile miaka 15,000 tangu maji yarudi, kasi ambayo wanabiolojia bado wanaishangaa. Walikuwepo wakwanguaji wa miamba, wala konokono wenye taya nene, wala matope, wala vidudu, wala magamba ya wenzao, na wengine waliobobea katika kuiba mayai na watoto kutoka vinywani mwa mama zao, maana furu jike hulea mdomoni. Kila kazi ilikuwa na mtu wake. Mwaka 1977 watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza furu wa Ghuba ya Mwanza wakiwa na wenzao wa Kitanzania. Walidhani wamekuja kuandika orodha. Walikuwa hawajaimaliza orodha ilipoanza kufutika.

Sangara aliingizwa ziwani upande wa Uganda katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, kwa hoja kwamba furu ni wadogo, wana mifupa, hawana soko, afadhali wageuzwe kuwa samaki mkubwa. Hoja hiyo ilimsahau Lindeman, ambaye maandishi yake yalikuwa yameshatoka: huwezi kuongeza mlaji juu ya ngazi ukapata samaki wengi zaidi kuliko waliokuwa chini. Kwa miaka ishirini na ushei sangara alikuwepo kwa uchache. Kisha katikati ya miaka ya 1980 alilipuka Ghuba ya Mwanza, na furu wakatoweka mbele ya macho ya watu waliokuwa na nyavu na madaftari ya kuwahesabu. Tijs Goldschmidt, mmoja wa Waholanzi hao, aliandika kitabu juu ya miaka ile, kikatoka 1994. Spishi kama 200 hudhaniwa kwamba hazipo tena.

Nisingependa kuisimulia kama hadithi ya jambazi. Sangara alijenga viwanda, alisomesha watu, aliweka bati juu ya nyumba nyingi za Kirumba, Igombe na Ukerewe. Mvuvi wa Ukerewe ukimwambia sangara ni janga atakuuliza wewe unakula nini. Ninachokifuatilia ni jinsi mshtuko ulivyosafiri. Furu wala matope walipoondoka, uduvi walichukua matope yao wakazaana, na sangara, baada ya kumaliza furu, akageukia uduvi, dagaa, na watoto wake mwenyewe. Mdiria, yule ndege mweusi na mweupe anayeganda hewani juu ya maji kabla ya kujitupa, alikuwa akila furu; watafiti walipochambua masalia ya mlo wake Ghuba ya Mwanza walikuta amehamia kwa dagaa karibu kabisa, na kwa kuwa dagaa ni mdogo, ikambidi ajitupe majini mara nyingi zaidi kwa shibe ile ile. Mshtuko haukuishia majini wala angani. Furu alikaushwa juani, basi. Sangara ana mafuta. Jua halimtoshi, lazima moshi au chumvi. Moshi ni kuni, na kuni zilitoka kwenye misitu ya visiwani na ukingoni. Samaki mmoja alihamisha shoka kutoka upande mmoja wa wilaya hadi mwingine.

Miti ikipungua, udongo hushuka na mvua hadi ziwani. Hapa nina kisa ambacho nadhani kingestahili kusimuliwa shuleni kabla ya tundra. Kwenye miamba ya Ghuba ya Mwanza na visiwa vya jirani wanaishi furu wawili wanaofanana umbo. Waliowapa majina ya kisayansi waliwaita Pundamilia pundamilia na Pundamilia nyererei, huyu wa pili kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Dume la wa kwanza ni la buluu. Dume la nyererei lina wekundu mgongoni. Majike huchagua kwa rangi. Kwenye maji maangavu kila jike humwona wake na koo mbili hubaki mbili. Ole Seehausen na wenzake walichapisha mwaka 1997 walichokikuta kwenye maji yaliyochafuka: mwanga unapungua na rangi zake zinakuwa chache, majike hayatofautishi, koo zinachanganyika na kugeuka moja yenye rangi iliyofifia. Hakuna sangara aliyemla mtu hapo. Spishi mbili zinakwisha kwa kushindwa kuonana.

Kinachochafua maji ni zaidi ya udongo. Ziwa limegeuka kijani kuliko lilivyokuwa miaka ya 1960 kwa sababu limeshiba mbolea, hasa fosforasi na naitrojeni; vijimea huongezeka kupita walaji wake, hufa, huzama, huoza, na kuoza kwao hula oksijeni ya chini hadi samaki hawawezi kukaa huko. Mtu atafikiri kosa ni la mabomba ya jiji, na mabomba yana sehemu yake, tunayaona na kuyanusa. Ila vipimo vilivyowekwa kuzunguka ziwa vilionyesha kwamba sehemu kubwa ya fosforasi inashuka kutoka angani, na vumbi na majivu. Mkulima wa Kwimba au Magu anayechoma mabua mwezi wa tisa, mfugaji anayechoma nyasi kuukuu ili majani mabichi yachipue, barabara ya vumbi inayopita ng'ombe elfu: vyote vinapanda juu, upepo ule ule wa mashariki unavipeleka ziwani. Savana inarutubisha maji bila mto wala mfereji. Kwenye ramani rangi hizo mbili zinapakana kwa mstari mweusi mwembamba.

Upande mwingine wa biashara hiyo ni mfupa. Serengeti inafika karibu na ziwa. Lango la Ndabaka liko kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma, na Ghuba ya Speke iko pale pale. Nyumbu wanaokadiriwa kuzidi milioni moja huvuka Mto Mara kila mwaka, na watalii hulipa fedha nyingi kuona mamba wakiwakamata. Mamba ni sehemu ndogo ya kisa. Watafiti waliohesabu mizoga walitoa mwaka 2017 makadirio ya wastani wa nyumbu 6,250 wanaozama kwa mwaka, tani 1,100 za nyama na mifupa ndani ya mto mmoja. Nyama huliwa ndani ya wiki chache na samaki, korongo, tai na funza. Mifupa hukaa hadi miaka saba ikiachia fosforasi yake polepole kwenye maji yanayoelekea Musoma, ambako kinamasi cha mafunjo hukamata sehemu yake kabla ya ziwa.

Na nyumbu hao wangekuwa wachache kama si chanjo ya ng'ombe. Mwaka 1961 walikadiriwa kuwa robo milioni hivi. Sotoka, iliyoletwa na mifugo mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwa ikiua ndama wao. Ng'ombe wa pembezoni walipochanjwa, ugonjwa ulitoweka kwa nyumbu, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 walikuwa kama milioni 1.3. Midomo hiyo yote ilikula nyasi ambazo zamani zilikuwa zikiungua. Moto ukapungua, miti ikaongezeka. Daktari wa mifugo aliyeshika sindano kwenye boma la ng'ombe mwaka 1960 alikuwa anabadilisha rangi ya savana, na sidhani kama kuna aliyemweleza hivyo.

Magugu maji nayapita haraka kwa sababu kila mtu wa Mwanza ana hadithi yake. Mmea ule wa Amerika ya Kusini ulionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, ukasaidiwa na Kagera, ukafunga bandari na mialo hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha mbawakavu wadogo walioletwa kutoka kwao kuutafuna, pamoja na dhoruba za El Niño, wakaupunguza bila kuumaliza. Kwao Amazon si tatizo, kwa sababu kwao kuna wanaoula. Kuhama peke yako, bila maadui zako, kumbe kuna faida zake.

Taiga nayo ina mwakilishi hapa. Katika miezi ambayo Ulaya kuna theluji, kati ya ndege wanaogombea mabaki mwaloni kuna shakwe wenye mgongo mweusi. Watafiti wa Ufini waliwafunga shakwe wa kwao vifaa vya kufuatiliwa na satelaiti, wakaona wengi wakishuka juu ya Sudan hadi Ziwa Victoria. Ndege aliyelelewa kwenye visiwa vya Baltiki, akilishwa samaki wa maji baridi, anashindana na korongo wenye vichwa vya upara kwa matumbo ya sangara wetu, kisha mwezi wa tatu au wa nne anarudi kwao kutaga. Sehemu ya yai hilo ni Kirumba. Mwanafunzi niliyemtaja mwanzoni, anayetajiwa misonobari ya kaskazini, ameshapishana na mtu wa huko mara nyingi akienda dukani.

Nilimuuliza mama mmoja anayeuza dagaa kwa nini marundo yake mawili yana bei mbili zilizoachana hivyo, wakati kwa macho yangu samaki ni wale wale.

"Hawa huku wamekauka kwa siku moja, jua kali, juu ya chanja," alisema. "Hao wengine walinyeshewa wakiwa mchangani. Wa mvua hao, mwanangu. Ni wa kuku."

"Na mvua isiponyesha kabisa?"

"Basi kuku watakula nini?"

Dagaa huvuliwa siku za giza, mwezi usipokuwepo, kwa taa zinazowavuta juu; asubuhi huanikwa. Jua likiwaka, kufikia jioni wanang'aa, wanaingia kwenye gunia la binadamu na kwenda Bukavu au Tabora. Ile mvua ya ziwa ikifika kabla hawajakauka, wanabadilika rangi, wanaanza kunuka, na bei inaanguka hadi ya mwenye kinu cha chakula cha mifugo. Kwa hesabu ya Lindeman hapo ndipo ngazi moja zaidi inapoongezwa: kilo kumi za dagaa zilizokuwa zitoe mchuzi zinapitia kwenye kuku wa Dar es Salaam, na kinachofika mezani kama yai au paja ni sehemu ndogo. Masika ya Mwanza huongeza ngazi hiyo kwa magunia mengi, na chanja zilizoinuliwa pamoja na turubai za kufunika huipunguza. Wapo wanaolalamika kwamba viwanda vya chakula cha kuku vinawanyang'anya maskini dagaa wao, na katika miezi ya jua nakubaliana nao, kwa kuwa siku hizi wanunuzi hao hawangoji tena wa mvua, wanachukua hata wale wazuri. Mama yule hakukubaliana nami. Alisema mwenye kuku hulipa taslimu, na Mkongo wake wa mwezi uliopita hadi leo hajamlipa.